Maingizo ya Saa Nane Usiku

Ngara Mjini,
Jumanne, 25 Septemba 2007

Mdogo wangu mpendwa Ildefonsa,

Shikamoo yako niliipokea Jumamosi kwa mdomo wa Mama Kwandu, pamoja na yale maharage. Marahaba sana. Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe na wajukuu, na kwamba goti lako limepungua kukusumbua sasa ukungu wa asubuhi umeanza kuondoka. Kama bado linauma, usilisugue kwa mafuta ya taa kama mama alivyokuwa akifanya. Chemsha maji, tia chumvi, kanda taratibu. Mimi sijambo, isipokuwa usingizi, nao utaona sababu yake mbele.

Kabla hujaendelea, geuza bahasha uitazame. Nimeipaka gundi mara mbili na kutia saini yangu juu ya mdomo wake, nusu ya jina upande huu na nusu upande ule. Ukikuta nusu hizo hazikutani, ujue imefunguliwa njiani. Mama Kwandu ni mtu mwema, lakini kikapu chake cha dagaa hupita mikono mingi kati ya hapa na huko kwako Kabanga. Utasema kaka amekuwa mwoga uzeeni. Soma kwanza.

Unajua kwamba tangu nistaafu ualimu nafanya kazi katika hii ofisi ya kutafuta ndugu waliopotezana. Mtu wa kambi ya wakimbizi ya Lukole anatuambia anamtafuta fulani, aliyepotea mwaka fulani, mahali fulani, nasi tunaandika barua pepe kwa wenzetu wa Uvira, Bujumbura, Kigoma na kwingineko. Barua hizo zote hupita kwenye kompyuta moja iliyomo katika chumba kidogo nyuma ya ofisi ya mkuu wetu. Tunaiita seva. Ifikirie kama posta ndogo isiyo na karani: inapokea, inapanga, inatuma. Ndani yake mna majina na mahali walipo watu ambao wengine wao wamejificha kwa sababu za uhai. Barua ya namna hiyo ikisomwa na asiyestahili, mtu anaweza kufa. Ndiyo maana katika chumba kile tunamshuku hata panya.

Sasa nikueleweshe jambo moja, maana bila hilo hutaelewa mengine. Kompyuta yako inapotaka kuongea na seva, inajuaje kwamba inaongea na seva yenyewe na si mwongo aliyejiweka katikati? Inaiomba cheti. Cheti hicho kimesainiwa na makao makuu yetu Mwanza, ambayo kompyuta zetu zimefundishwa kuyaamini, na kinasema hii kweli ni seva ya Ngara, iaminiwe tangu siku hii saa hii hadi siku ile saa ile. Ni kama barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa kijiji. Nacho kina mwisho. Kila mwaka sharti kifanywe upya, na mwaka huu mwisho wake ulikuwa Ijumaa tarehe saba ya mwezi huu.

Kazi ya kukifanya upya ilikuwa ya watu wawili, mimi na Jean Paul Ndizeye. Huyu sikuwahi kukuandikia habari zake, na kulikuwa na sababu. Ni mkimbizi kutoka Burundi, mtu wa miaka kama arobaini na mitano, aliyekuwa fundi wa posta na simu Gitega kabla ya vita. Ana mikono mitulivu kama ya mshonaji. Alikuwa na kibali cha kutoka kambini Jumatatu na kurudi Ijumaa, na siku za kazi alilala katika stoo ya ofisi, kati ya makatoni ya karatasi. Mimi aliniita Mwarimu, kwa r yao, na kila asubuhi alinisalimu kwa Kirundi. Tukiwa peke yetu nilimjibu kwa Kihangaza chetu cha hapa Ngara, tukacheka jinsi tunavyoelewana. Mkuu wetu akiwepo, nilimjibu kwa Kiswahili, tena kifupi. Aliliona hilo. Hakuwahi kuuliza.

Alinieleza siku moja tukila kwamba mwaka tisini na sita alipotezana na binti yake, Akimana, akiwa na miaka sita. Mtoto huyo alikuwa akiokota majani na kuyagawa nyumba hadi nyumba akisema ni barua, naye baba akampachika jina la utani, Bwana Posta. Aliapa hataondoka Ngara mpaka apate habari zake, kwa sababu anwani ya ofisi yetu ndiyo pekee aliyowapa watafutaji. Wenzake wa kambini wamekuwa wakirudi kwao kwa malori, wiki hadi wiki, yeye akibaki. Walimtania kwamba ameoa kompyuta.

Ile Ijumaa, basi, Mwanza walisaini cheti kipya saa mbili asubuhi na kututumia. Saa tatu na nusu mimi na Ndizeye tulikuwa tumeshakiweka mahali pake na kuondoa cha zamani. Papo hapo kompyuta zote za ofisi zikaanza kulalamika, na dawati letu la kambini likapiga simu ya upepo kusema nao wanalalamikiwa. Kila skrini ilitoa onyo lile lile, kwamba cheti cha seva hii hakimo ndani ya muda wake, na kwamba yawezekana kuna mtu anayejifanya seva ili asome barua zenu.

Mkuu wetu, Bwana Danstan, ni kijana wa Biharamulo, mchapakazi, lakini ni mtu wa kusoma mstari wa mwisho kwanza. Mstari ule wa mwisho ulimtosha. Aliamuru barua zote zisimame. Nikafungua cheti chenyewe nikitazame. Kinaanza tarehe saba Septemba mwaka huu, kinaisha tarehe saba Septemba mwaka kesho. Leo ni tarehe saba. Nikamwambia sioni kasoro. Yeye akajibu kwamba mwizi hodari haachi kasoro, ndiyo maana anaitwa hodari.

Tulihangaika hadi mchana. Tuliondoa cheti, tukakirudisha. Tuliwapigia Mwanza, wakasema kwao ni sawa, tutazame kwetu. Saa saba na nusu tukaenda kula kwa zamu, Ndizeye akabaki ndani ya chumba. Tuliporudi saa nane na dakika chache, lalamiko lilikuwa limekwisha. Kompyuta zote zilikubali cheti kile kile zilichokikataa tangu asubuhi. Danstan alimwuliza Ndizeye amefanya nini. Akasema hajafanya kitu. Danstan akamwambia kwa upole wa kutisha kwamba katika maisha yake hajaona ugonjwa unaopona wakati daktari anakula. Akamtaka atoe vilivyomo mfukoni. Kulikuwa na karatasi moja yenye anwani ya watafutaji wa Uvira, kwa mwandiko wake.

Ndizeye alikiri kwamba wakati sisi tunakula alikuwa akitazama kama kuna jibu la binti yake, bila kupanga foleni kama wakimbizi wengine. Alitazama chini aliposema hivyo. Mimi, Ildefonsa, niliyeyajua ya Bwana Posta, niliitazama karatasi ile nikaona anwani ya kijasusi.

Danstan akaniagiza nisome daftari la mashine la wiki nzima. Seva ina tabia ya kuandika, kila mtu anapoingia kuisimamia, jina la ufunguo alioutumia na saa aliyoingia. Haisahau na haimwogopi mtu. Ufunguo wa usimamizi, yaani jina na neno la siri la kuingilia, ni mmoja tu, tuliokuwa tukiutumia pamoja mimi na Ndizeye. Nikasoma. Wiki zote za nyuma mambo yalikuwa shwari. Kuanzia Jumatatu tarehe tatu, mambo yakageuka. Jumatatu 2:40. Jumanne 2:52. Jumatano 2:45. Na mengine ya alfajiri.

Mashine huhesabu saa kwa desturi ya Wazungu, kuanzia usiku wa manane, hivyo sisi tunajumlisha sita. Miaka mingi nimewafundisha watoto jambo hilo kwa chaki. Mbili na sita ni nane. Saa nane na dakika arobaini usiku. Nani aliyelala ndani ya uzio huu saa nane usiku? Watu wawili tu, Ndizeye katika stoo na mlinzi wetu, mzee Ndassa.

Ndassa aliitwa. Ni Msukuma wa upande wa Biharamulo, mwenye mbwa mmoja na maneno mengi. Alisema hakuna mtu aliyepita, mlango wa chumba kile unalia kama mbuzi, na mbwa wake humbwekea hata nondo. Danstan akamwuliza kama huwa analala. Ndassa akasema analala nyumbani kwake kama Wakristo wote, hapa analipwa kukesha. Halafu akasema kama mashine yetu inafanya kazi usiku bila mtu basi tumefuga mchawi, tumpe na yeye posho ya usiku. Niliandika pembeni ya karatasi yangu kwamba mlinzi naye atazamwe.

Ndivyo shaka inavyofanya kazi, mdogo wangu. Ukishaipa kiti, inawaalika jamaa zake. Nilikumbuka kwamba wiki ile mtawa mmoja wa Ubelgiji, tunayeandikiana naye, alitusifu kwa kuandika barua kabla jogoo hajawika. Nikaichapa barua yake na kuiweka katika jalada la ushahidi. Nikaona pia kwamba mchana wa wiki ile daftari lilikuwa kimya kabisa, hakuna ingizo hata moja baada ya saa tano. Nikasema mwizi wa usiku mchana hupumzika. Sikujiuliza maingizo yangu mwenyewe yamekwenda wapi, mimi ambaye kila asubuhi, nikishatua mkoba, jambo langu la kwanza ni kuingia kuikagua seva.

Ndizeye hakuruhusiwa kurudi kambini Ijumaa ile, na Jumamosi tarehe nane aliitwa mbele ya mkuu, nami nikasoma maingizo yale kwa sauti. Aliyasikiliza yote. Akasema jambo moja tu, kwamba usiku alikuwa amelala, na kwamba Mwarimu anamjua. Kisha akanitazama, akisubiri. Nilichosema ni kwamba daftari la mashine halina sababu ya kudanganya. Kibali chake kikafutwa siku ile ile, akarudishwa Lukole na gari la maji. Akiondoka alikunja blanketi lake, akafagia stoo na kumwachia Ndassa kopo lake la sukari.

Sasa nakuomba ukae, kama hujakaa.

Jumatano iliyofuata, tarehe kumi na mbili, niliingia kazini, nikaikagua seva kama kawaida, kisha nikafungua daftari kuhakikisha usiku umekuwa kimya sasa mwizi hayupo. Hakukuwa kimya. Juzi 2:44. Jana 2:50. Na mstari wa mwisho kabisa, wa siku ile, ulisema 2:47. Nilianza kuinuka nimwite Danstan, kwa furaha, nakiri, ya mtu anayekaribia kumkamata Ndassa. Ndipo nikautazama mkono wangu.

Unaikumbuka saa yangu ya mkono, ile niliyopewa na wazazi wa shule nilipostaafu. Uliicheka sana. Ulisema ni Novatus peke yake anayeweza kuigeuza saa ya dukani ifuate mdomo wake, mshale mdogo ukae kwenye mbili ikiwa saa mbili yetu, badala ya kukaa kwenye nane kama saa za watu wengine. Nilikujibu kwamba siku inaanza jua likichomoza na sioni kwa nini mkono wangu useme uongo. Asubuhi ile saa hiyo ilionyesha saa mbili na dakika arobaini na tisa. Mstari ule wa mwisho ulikuwa wangu. Niliuandika mimi dakika mbili kabla, jua likiwa dirishani.

Nikakumbuka yote kwa mpigo. Jumapili tarehe mbili jenereta liliishiwa dizeli na betri zetu zikaisha, seva ikazimika, jambo lisilotokea mara nyingi. Ndani ya kila kompyuta mna betri ndogo kama kifungo cha koti, inayoifanya ikumbuke saa hata ikizimwa. Ya seva yetu imezeeka. Jumatatu asubuhi niliiwasha mimi, Ndizeye akiwa bado hajafika kutoka kambini, nayo ikaniuliza leo ni tarehe ngapi na saa ngapi. Tarehe niliandika sawasawa. Saa, nilitazama mkono nikaandika nilichokiona. Mbili na nusu. Niliirudisha nyuma saa sita nzima. Nilipoandika nilisahau kujumlisha sita, niliposoma nikakumbuka kujumlisha. Na ingizo la Jumatatu peke yake lingetosha kumwokoa Ndizeye, maana usiku ule alikuwa bado kambini.

Utauliza ilikuwaje watu wote wasione. Kompyuta zetu zote, hata ile ya kambini, zikiwashwa huiuliza seva saa. Zote zikaikopi. Na ile saa ndogo ya pembeni ya skrini ilionyesha tatu na nusu ikiwa saa tatu na nusu, nne ikiwa saa nne. Kwa wiki nzima, Ildefonsa, mashine zilisema kama tunavyosema sisi, na kila aliyetupa jicho aliona saa yake iko sawa. Cheti nacho hakikuwa na kosa. Mwanza walikisaini kianze saa mbili asubuhi, ambayo kwa mashine ni nane. Sisi tulikiweka wakati kompyuta zetu zinaamini ndiyo kwanza ni alfajiri, tatu na nusu ya Kizungu. Zikasema kweli tupu, cheti hiki hakijaanza. Zilipofika nane kwa hesabu yao, kwetu ikiwa saa nane mchana, zikakikubali. Ndizeye alisema hajafanya kitu, na kweli hakuwa amefanya kitu.

Nikarekebisha saa peke yangu. Ilichukua muda wa kukohoa. Kisha nikaufunga mlango, nikakaa, na nikaamua kunyamaza.

Wiki ile ile Danstan, aliyesoma mistari ya mwisho tu ya daftari, aliniita kunipongeza. Aliniambia daftari sasa ni safi, hakuna kinachotembea usiku, kwa hiyo ushahidi umekamilika: tangu yule bwana aondoke, mchawi amekufa. Akaniandikia barua ya shukrani yenye muhuri. Niliipokea kwa mikono miwili. Mzee Ndassa, aliyekuwa akifagia mlangoni, aliniuliza kama huyo mchawi alikuwa na miguu, maana mbwa wake bado anamtafuta. Nilipita na barua yangu. Tangu siku hiyo ananisalimu kwa sauti ndogo kuliko zamani, nami nimekuwa nikijiuliza anajua nini.

Ningeweza kuishi hivyo, naona aibu kusema. Lakini Ijumaa iliyopita, tarehe ishirini na moja, ikaingia barua kutoka Uvira, kwa jina la Ndizeye. Akimana amepatikana. Ana miaka kumi na saba, anaishi na mama mmoja wa kanisa. Mama huyo anahamia Kalemie mwisho wa mwezi huu na atamchukua, na huko watafutaji wetu hawana mtu. Msichana amewahi kudanganywa na mwanamume aliyejiita baba yake, kwa hiyo haamini. Ameweka swali moja. Anataka kujua baba yake alikuwa akimwita nani alipokuwa akigawa majani.

Nililijua jibu. Kwa nusu saa nilikaa mbele ya skrini vidole vikiwa juu ya herufi. Maneno mawili tu, na jina la Ndizeye chini yake. Nikaona kwamba ningefanya kile hasa nilichomtuhumu mwenzangu, kukaa katikati ya barua ya watu na kujifanya mwingine. Nikaichapa barua ile na kuzima.

Jumamosi nilikwenda Lukole. Nyumba yake ilikuwa imeshabomolewa, miti imefungwa pamoja na kamba. Jirani yake mmoja, mama mzee, aliniambia kwamba mtu aliyefukuzwa kwenye anwani yake hana sababu ya kuendelea kungoja barua, hivyo amejiandikisha kurudi Burundi, na yuko katika uzio wa wanaoondoka. Huko haingii mtu bila barua ya ofisi. Mama huyo hakujua mimi ni nani. Alisema ni mwalimu mmoja aliyemsomea makosa yake, na kwamba Ndizeye hamlaumu sana, husema labda mwalimu naye ana mtu anayemwogopa.

Jana Jumatatu nilimweleza Danstan yote, nikaomba barua ya kuingilia. Akasema Mwanza wakijua kwamba wiki nzima saa zetu zilikuwa za uongo na tukamfukuza mtu kwa ajili hiyo, hawatatuachia seva wala kazi. Akasema yule bwana anarudi kwao, na kwao si jela. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, kama ni kweli aliyoyasikia kwamba watu wa uhamiaji wanapita vijijini wakiuliza vyeti vya kuzaliwa, na kama cheti changu mimi kiko karibu. Sijui alimaanisha nini. Pengine hakumaanisha kitu.

Sasa naandika nisichowahi kukiandika, na hii ndiyo sababu ya gundi mara mbili. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema nilizaliwa Kanazi. Wewe ulizaliwa Kanazi. Mimi nilivuka mto Ruvubu kutoka Burundi mgongoni mwa baba, nikiwa na miaka mitano, na mzee Gozbert jirani yetu ndiye aliyesimama mbele ya karani akasema huyu ni wa hapa, nimemwona akizaliwa. Hakuwa ameona. Alituona tuna njaa. Neno lake ndilo lililonisomesha, likanipa chaki, na miaka hamsini na tano nimelilinda kwa hofu. Ndiyo maana sikumjibu Ndizeye kwa Kihangaza mbele ya watu. Alipotuhumiwa nilitaka niwe wa kwanza kumtilia shaka, mtu yeyote asiseme Novatus anawatetea wa kwao. Nilipojua ukweli nilinyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Na ndiyo maana miaka miwili sijakanyaga Kabanga, wewe ukidhani nakudharau. Naogopa kile kizuizi cha barabarani cha Kabanga, Ildefonsa. Naogopa mtu kunyoosha mkono na kusema mzee, karatasi.

Ndizeye alisema Mwarimu ananijua, akangoja neno moja tu, kama lile alilolisema mzee Gozbert, tena langu lingekuwa la kweli.

Malori ya wanaorudi yanapita Kabanga Alhamisi hii, tarehe ishirini na saba. Umeniambia mara nyingi kwamba husimama mbele ya genge lako, watu wakihesabiwa, nawe huwauzia uji. Ndani ya bahasha hii mna karatasi mbili. Ya kwanza ni barua ya Akimana, na nyuma yake nimeandika anwani ya Uvira na ya padri mmoja wa Muyinga aliye na kompyuta. Ya pili ni maelezo yangu ya kosa, yenye jina langu na saini yangu, bila kumtaja mtu mwingine. Nakala yake nimeipeleka posta leo kwenda Mwanza, kwa rejista, na risiti ninayo.

Nimepanga kuja mwenyewe. Alhamisi nitapanda gari la kwanza nikabidhi karatasi hizi kwa mkono wangu, mwenzangu aniambie analotaka kuniambia. Nimelisema jambo hili kwa sauti chumbani ili nilisikie. Lakini mwezi huu nimejijua kuliko nilivyotaka, na mtu niliyebaki kumshuku ni mimi. Huenda nikafika stendi miguu ikakataa. Kwa hiyo nakutumia karatasi zenyewe mapema, usizitegemee hatua zangu. Malori yakifika nami sijaonekana, usiningoje. Uliza kwa sauti nani ni Ndizeye wa posta. Ni mrefu, ana mvi upande mmoja tu, na atakuwa amekunja blanketi lake vizuri kuliko wengine. Mpe uji kwanza. Ndipo umpe karatasi, ya binti ianze, yangu ifuate.

Wasalimie wajukuu, na mwambie yule mkubwa daftari lake la hesabu nimelisahihisha, amekosea mawili tu, amenizidi. Msalimie na Mama Kwandu, mshukuru, na mwombe radhi kwa maneno ya mwanzo wa barua hii, ingawa hatayajua. Ukishaisoma iunguze, au iache. Mimi nimechoka kukuamulia.

Malori hufika kizuizini saa nne asubuhi. Naandika saa nne yetu, jua likiwa limeshapanda juu ya migomba. Tafadhali hakikisha na mtu mwingine.

Ni mimi kaka yako, wa ng'ambo na wa hapa,

Novatus